Kichwa Changu na Majoho Mia Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Binti yangu amenipa daftari lake la hesabu la mwaka jana, maana limebaki na kurasa nyingi tupu. "Mama," ameniambia, "kila unachopaka kichwani andika humu. Tarehe, umepaka nini, kimesaidia au kimezidisha. La sivyo utazunguka hapo hapo mpaka uote upara." Mtoto wa miaka kumi na sita ananisemesha kama mwalimu mkuu! Lakini amesema kweli. Mimi mwenyewe sikumbuki wiki iliyopita nilipaka nini.

Basi naanza. Kipupwe kimeingia na upepo wake mkavu. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na kichwa kinaniwasha tangu naamka. Nikijikuna, unga mweupe unamwagika. Nisipojikuna, nahisi kama sisimizi wanahama nyumba juu ya utosi wangu.

Na ni mwaka huu huu kiwanda chetu cha ushonaji kimepata kazi ya majoho mia tatu ya mahafali ya chuo. Meusi. Meusi tii. Asubuhi nakata vitambaa, mchana nakagua majoho yaliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi. Nayainamia moja moja, natafuta uzi uliolegea na pindo lililopinda. Kwa kichwa kama hiki, kuinamia kitambaa cheusi ni sawa na kupepeta unga juu yake.

Tunayapeleka chuoni kwa mafungu, na kazi yote itimie tarehe 8 Agosti.

Jumanne, 3 Juni

Wifi yangu amekuja na chupa ya mafuta ya nazi. Nimepaka mengi mpaka yananichuruzika shingoni. Kichwa kimetulia saa mbili, kisha kimeanza upya kwa hasira.

Alhamisi, 5 Juni

Mafuta ya nazi tena. Hakuna jipya.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimewahi kazini kabla ya wenzangu, nikamkuta mpiga pasi wetu amesimama kwenye reli ninapotundika majoho niliyokwisha kuyakagua. Ni binti mdogo, tunamwita Kimya kwa sababu siku nzima hatoi maneno kumi. Alikuwa na brashi ya nguo mkononi. Aliponiona aliirudisha haraka mfukoni mwa aproni, akaenda kuwasha pasi yake bila hata salamu.

Alikuwa anatafuta nini kwenye majoho yangu? Hiyo reli haimhusu. Akishapiga pasi, kazi yake imekwisha.

Jumatano, 11 Juni

Limau, ushauri wa wifi. Nilikuwa nimejikuna hadi kutoka vidonda bila kujua. Limau lilipogusa, nilipiga yowe hadi baba watoto akatoka bafuni na povu mwili mzima, akidhani nyumba inaungua.

Jumamosi, 14 Juni

Wifi anasema tatizo ni uchafu, nioshe kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto kabisa. Nimeosha. Ngozi imekaza kama ngoma. Nikinyanyua nyusi, kisogo kinauma.

Jumanne, 17 Juni

Yai. Sitaki kulizungumzia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemkuta tena Kimya kwenye reli yangu, na brashi ile ile. Sasa sina shaka, ananichunguza. Anaona ule unga, anauhesabu, kisha ataupeleka kwa Bosi. Kila mtu kiwandani anajua Bosi anatafuta mkuu wa chumba cha kukata, na anayefaa ni mimi au Spidi. Spidi anafanya kazi haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua, na wajanja huwa na marafiki wanaowabebea habari.

Nimeanza kufunga kitambaa kichwani, nakikaza hadi masikio yanauma. Chini yake ni joto, jasho, na muwasho mara mbili.

Jumatatu, 23 Juni

Kimya hajaja, anaumwa. Pasi ameshika Spidi. Kichwani: maji ya kitunguu.

Jumanne, 24 Juni

Kimya bado. Kitunguu tena. Kwenye foleni ya maji kila mtu anasogea mbali nami.

Jumatano, 25 Juni

Kimya bado anaumwa. Siki.

Alhamisi, 26 Juni

Kimya amerudi, amekonda. Nimemuuliza hali, akasema "Nzuri, dada," basi.

Jumatatu, 30 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi Bosi aliniita mezani kwake. Mezani palikuwa na majoho kumi na mawili yamekunjwa, na juu yake barua ya chuo. Hakunikaribisha kiti. Alikunjua joho la kwanza, akaligeuza upande wa mabega.

"Dada, hiki ni nini?"

Nilitazama. Kwenye mabega, kwenye marinda ya mgongo, ndani ya mikono mipana, kote kulikuwa na unga mweupe. Niliujua ule unga kama ninavyoujua mwandiko wangu.

"Wameandika kwamba majoho yametoka kiwandani na uchafu wa mwilini," Bosi alisema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Wanasema wakiona tena, wanavunja mkataba. Kila joho lina kitambulisho chenye alama yako na tarehe ya ukaguzi. Nimwambie nini yule mama wa chuo aliyetupa oda?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema ni mba, ni kipupwe, natafuta dawa. Akakitazama kitambaa changu cha kichwa kwa muda mrefu, na nadhani alinionea huruma, jambo ambalo liliniuma kuliko ukali.

"Kuanzia leo usiguse kitambaa cheusi. Nenda meza ya vifungo. Spidi atakata."

Meza ya vifungo iko dirishani, mwisho kabisa. Huwa wanakaa wanagenzi wa wiki ya kwanza. Miaka kumi na tisa nimeshika mkasi, leo nimepewa bakuli la vifungo nivipange kwa ukubwa. Nilipita katikati ya cherehani zote, na cherehani zote zilinyamaza. Mbele ya ubao wa pasi nilisimama, nikamwambia Kimya, "Umefurahi sasa?"

Alifungua mdomo. Akainamia pasi yake.

Nyumbani nimelia kwenye beseni la kufulia ili wasinione. Binti yangu ameniona. Ameleta daftari hili, akalifungua, akanisomea mwezi mzima kwa sauti. Kisha akasema, "Mama, umepaka kila kitu kilichomo jikoni. Daktari hujamwona hata mmoja. Alhamisi natoka shule mapema. Tunaenda."

Alhamisi, 3 Julai

Daktari wa ngozi ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniambia nivue kitambaa. Sikuweza. Mikono iligoma. Binti yangu ndiye aliyenifungulia, taratibu, kama anafungua kidonda.

Daktari alitenganisha nywele kwa kijiti, akaangalia utosini, kisogoni, nyuma ya masikio. "Umetumia nini na nini?"

Binti akamkabidhi daftari. Daktari akasoma. Nazi, limau, sabuni ya kufulia, yai, kitunguu, siki. Akavua miwani, akafuta macho.

"Mama, hiki ni kichwa au jiko? Umebakiza chumvi tu."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka wiki nzima. Nilipoanza, sikuweza kuacha, na yeye akacheka, na binti yangu akacheka, hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

Kisha akanieleza vizuri. Kuna vijidudu vya ukungu ambavyo vinaishi kwenye ngozi ya kila mtu, na kwangu vimezidi. "Na vinapenda mafuta. Wewe unavilisha, halafu unavilaumu kwa kunenepa." Sabuni ya kufulia na maji ya moto vimeikausha ngozi, kitambaa cha kubana kimeifungia joto na jasho, na kucha zimemalizia. "Siyo uchafu," alisema, na akarudia, "Siyo uchafu, mama. Nani amekwambia wewe mchafu?"

Niligeuza uso ukutani, nisije nikalia tena.

Ameniandikia shampuu ya dawa, mara mbili kwa wiki. Maji ya uvuguvugu. Ipakwe kwenye ngozi, siyo kwenye nywele tu, ikae dakika tano kamili, kisha isuuzwe hadi utelezi uishe. Nisikune kwa kucha. Nisifunge kitambaa kichwa kikiwa kibichi. Na nisitegemee miujiza kabla ya wiki mbili tatu.

Nimefumua nywele zote leo leo, nikazikata fupi.

Jumamosi, 5 Julai

Kuosha kwa kwanza. Binti yangu amesimama na saa. "Dakika tano, mama. Bado tatu. Usijikune! Nimekuona!"

Jumatano, 9 Julai

Kuosha kwa pili. Bado kinawasha, bado kinamwaga. Wifi amekuja na mafuta mapya, mazito, ya kijani. Nimemwambia ahsante, wifi yangu, lakini daktari amekataza. Akanuna. "Mimi nimekuhangaikia mwezi mzima, leo daktari wa siku moja ndiye mwenye akili?" Ameondoka na chupa yake. Baba watoto amesema yatapita. Ni dada yake, anamjua.

Vifungo vikubwa, vifungo vidogo.

Jumatatu, 14 Julai

Nimelala hadi asubuhi. Sikuamka kujikuna hata mara moja.

Jumatano, 16 Julai

Kuosha kwa nne. Nimekung'uta nywele juu ya mtandio mweusi wa binti. Chembe tano. Nimezihesabu. Mwezi uliopita ningehesabu hadi kesho yake.

Ijumaa, 18 Julai

Hili naliandika kwa aibu.

Mchana walitundika majoho mapya karibu na meza yangu ya dirishani. Jua lilipoyapiga nilishtuka. Joho moja, upande wa kulia ni mweusi kabisa, upande wa kushoto una mng'ao wa kijivu, kama limeshonwa kwa nguo mbili. Jingine mwili mweusi, mikono kijivu. Nilijua palepale kilichotokea. Kitambaa hiki kina vinyweleo vidogo vilivyolala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja kikiangalia juu na kingine kikiangalia chini, kila kimoja kinashika mwanga kwa namna yake. Spidi kapanga vipande juu-chini ili aokoe kitambaa na muda, kisha vimechanganywa kwenye marundo, na washonaji wanachukua chochote kilicho juu.

Ndani ya kiwanda, chini ya taa, huoni kitu. Kwenye uwanja wa mahafali, juani, utaona hata ukiwa mlango wa mbali.

Nami sikusema. Nilipanga vifungo vyangu. Sauti moja ndani yangu ilisema, waache. Si walikuweka huku? Aliyepewa mkasi na aulizwe mkasi.

Jumapili, 20 Julai

Siku nzima nimeona mabega ya kijivu. Nikitazama ukuta, naona mabega. Majoho yale yatavaliwa na watoto wa watu siku ambayo wazazi wao wameingoja miaka. Kosa lao nini?

Jumatatu, 21 Julai

Nimewahi kazini, nikamsubiri Bosi mlangoni. Nilimpeleka moja kwa moja juani na majoho mawili mikononi. Mara ya kwanza tangu tarehe 30 kugusa kitambaa cheusi, na sikuomba ruhusa.

Spidi alikuja mbio. "Ni mwanga tu huo."

"Bosi, lete mkono," nikasema. Nilikiweka kiganja chake kwenye kitambaa. "Papasa kwenda chini. Kinateleza? Sasa pandisha juu."

Akapandisha. Nikaona uso wake ukibadilika. Kiganja hakidanganyi; huku kinateleza, huku kinakwaruza. Akapapasa upande wa pili wa joho lile lile, na ukawa kinyume chake.

"Mangapi?" alimuuliza Spidi.

Kumi na moja yameshonwa. Vipande vya majoho themanini na sita vimekatwa, vyote vimechanganyika. Kitambaa cha rangi ile ile kimekwisha kwa muuzaji. Siku kumi na nane zimebaki. Spidi aliketi kwenye ngazi, akashika kichwa. Kwa mara ya kwanza sikumwona mshindani. Nilimwona kijana aliyeharakishwa, ambaye hakuna aliyemfundisha kitambaa hiki. Mimi nilikuwepo, na sikumwambia.

"Hakuna kilichoharibika," nikasema. "Vipande vinavyoangalia juu vikae na wenzake, vinavyoangalia chini na wenzake. Kila joho lishonwe kwa vipande vya upande mmoja. Lakini kila kipande lazima kipapaswe kwa mkono. Macho hayafai humu ndani."

"Nani mwingine anaweza?" Bosi aliuliza.

Kisha nyuma yetu ikatoka sauti ambayo wengine hawakuitambua.

"Mimi," alisema Kimya. "Pasi ukiipitisha kinyume, kitambaa kinasimama. Mikono yangu inajua."

Tumeanza saa mbili asubuhi, yeye upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Juu. Chini. Juu. Juu. Chini. Kimya hakosei. Spidi anafumua yale kumi na moja bila neno, mshono kwa mshono.

Jumatano, 23 Julai

Tumemaliza. Vipande sita tu ndivyo vimekosa wenzake, na nimevikata upya kutoka kwenye masalio. Majoho yote yanawezekana.

Lakini siyo hilo ninalotaka kuandika.

Mchana tulipokuwa kwenye rundo la mwisho, kitambaa changu cha kichwa kililegea. Kimya akaingiza mkono kwenye aproni kwa mazoea, akatoa ile brashi, akanipangusa bega. Kisha akashtuka kama ameiba. Mimi pia nikashtuka.

"Hakuna kitu," akasema akitazama bega langu. "Dada, leo hakuna kitu."

"Wewe brashi hiyo ilikuwa ya kazi gani kwenye reli yangu?"

Akainamisha macho. "Kila asubuhi nilikuwa nayapangusa kabla Bosi hajayafunga kwenye mifuko. Niliona unga. Nikajua wewe huwezi kuuona, macho yako yako kwenye uzi. Nilishindwa kukwambia. Mtu mzima utamwambiaje?"

Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari hili. Majoho kumi na mawili yaliyorudishwa yalikuwa na tarehe kwenye vitambulisho: 23, 24, 25 Juni. Nimesoma nilichoandika siku hizo. Kimya hajaja, anaumwa. Kimya bado. Kimya bado anaumwa. Wiki zote zilizobaki, yule mtoto wa watu alikuwa ananisitiri, nami nikamwambia mbele ya wote, umefurahi sasa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwomba radhi, na sikumwitia pembeni. Nimesimama pale pale kwenye ubao wa pasi, cherehani zote zikisikia. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea hadharani, nakuomba radhi hadharani." Alificha uso kwa aproni. Spidi alianza kupiga makofi, wote wakafuata.

Baadaye nilimuuliza kama angependa kushika mkasi. Akasema tangu alipoajiriwa, miaka mitatu, kila siku ananiangalia ninavyokata. Miaka mitatu nimempa mgongo.

Jumamosi, 2 Agosti

Kuosha kwa tisa. Kichwa kimetulia kabisa. Wifi amekuja, ameketi, ameulizia hali za watu wote hadi paka wa jirani. Mwisho akavua mtandio. "Hebu niangalie hapa nyuma ya sikio." Kumbe naye! Na mafuta yake yote! Binti yangu amekimbilia saa. "Dakika tano, shangazi. Usijikune!"

Jumanne, 5 Agosti

Joho la mia tatu limetoka kwenye cherehani saa tisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama wa chuo alifika mwenyewe, amevaa sura ya kazi. Hakukubali kuyatazama yakiwa yamekunjwa. "Nataka nilione moja likiwa mwilini. Nje, juani."

Bosi akazungusha macho kiwandani. Kisha akanitazama. "Dada, wewe linakukaa."

Nilielewa alichokuwa ananipa, na alichokuwa anakihatarisha. Nikafungua kitambaa cha kichwa, nikakiweka juu ya cherehani. Nywele zangu ni fupi sasa, nimezichana tu. Nikavaa joho jeusi, nikatoka uani.

Upepo ulikuwa unavuma. Mama wa chuo akanizunguka. "Inama." Nikainama. "Inua mikono. Geuka. Tikisa kichwa." Sijui kwa nini alisema nitikise kichwa, labda alikumbuka barua yake. Nilitikisa. Nilitikisa kwa nguvu zote, kama farasi! Alisogea, akainama hadi miwani yake ikakaribia bega langu, akapitisha kiganja kulia, akapitisha kushoto. Akatazama kiganja chake.

"Safi," akasema. Akarudi nyuma, akaliangalia joho lote juani, weusi mmoja tangu shingo hadi pindo. "Nani amekata hili?"

"Huyo huyo aliyelivaa," akajibu Bosi.

Vigelegele vilitoka dirishani kwa nguvu hadi kuku wa jirani wakakimbia. Vilianzia wapi, sijui. Wengine wanasema Kimya ndiye aliyeanza.

Jumatatu, 11 Agosti

Bosi ameniita. Safari hii alinivutia kiti. Mkuu wa chumba cha kukata ni mimi, kuanzia leo. Nimemshukuru, nikasema nina ombi moja: mpiga pasi atafutwe mwingine, Kimya aje mezani kwangu. Akasema, "Hilo nilitaka nikuombe wewe."

Saa nne nimetandaza kitambaa kipya cha kijani, oda ya sare za shule. Nimepapasa kujua vinyweleo vinalala wapi, nikamwachia Kimya naye apapase. Akaweka karatasi za vipimo mwenyewe, akachora kwa chaki. Kisha nikampa mkasi mkubwa, wangu.

Aliupokea kwa mikono miwili. "Dada, nikikosea?"

"Nipo hapa."

Alivuta pumzi. Akaufungua mkasi, akauingiza kwenye ncha ya chaki, akakata. Hakusimama njiani. Alikata moja kwa moja, sauti ile nzuri ya mkasi mkali kwenye nguo mpya, mpaka mwisho wa meza.